Anayemsomea Mama

Chumba cha Ushauri, shuleni
Jumanne, tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Salamu kutoka shuleni. Mimi ndiye mshauri wa wanafunzi, yule aliyepewa chumba kilichokuwa stoo ya chaki na ramani. Hatujaonana bado, lakini binti yako namfahamu.

Asante kwa kurudisha fomu. Tuliwauliza wazazi mia moja na kumi na wawili kama wanakubali watoto wao wapate ushauri hapa shuleni. Waliosema ndiyo ni thelathini na tisa. Wengine wameandika na maoni, nami nimeyabandika ukutani ili nisijisahau. Baba mmoja kaandika, "Wangu hana tatizo, akiwa nalo nitamtandika." Mama mmoja kaandika, "Mshaurini, ila mniletee kila alichosema." Mzee mwingine kauliza kama ushauri unatolewa kabla ya kula au baada ya kula, na sijui alikuwa anatania au la. Kwa hiyo nilipoona alama yako ya vema kwenye kisanduku cha Ndiyo, nilifurahi sana.

Binti yako wenzake wanamwita Saa Kumi, kwa sababu kengele ya saa kumi ikilia tu, huoni hata vumbi lake. Mwezi uliopita alilala darasani mara nne. Kwenye jaribio la hesabu alirudisha karatasi yenye jina lake peke yake. Mwalimu alipomuuliza kuna nini, alisema hakuna kitu, kisha akalia mpaka kipindi kikaisha.

Tena kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri. Kuanzia tarehe mosi Aprili darasa la jioni litakuwa la lazima kwa wanaojiandaa na mtihani wa mwisho, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Asiyehudhuria hatasajiliwa. Nakuomba uniachie mtoto Jumatano moja, saa moja tu, tuzungumze.

Wako,
Mshauri wa wanafunzi


Nyumbani
Ijumaa, tarehe 6 Machi

Mwalimu,

Salamu nimezipokea. Furaha yako uirudishe ulikoitoa, maana mimi sikusema ndiyo. Niliweka alama kwenye Hapana kwa mkono wangu mwenyewe. Kama kwenye fomu yako inasoma Ndiyo basi kuna makosa, na makosa hayo naomba yarekebishwe leo.

Usinielewe vibaya. Nauza dawa mwaka wa kumi na tisa sasa, hapa mtaani wananiita Daktari ingawa udaktari siujui, na mtu akiumwa simfukuzi. Lakini mwanangu haumwi. Mwanangu anachoka. Sisi tulichoka wakati wetu na hakuna aliyetutengea chumba. Ukimkalisha mtoto wa miaka kumi na sita kwenye kiti, ukamwambia haya sema kinachokuuma, atakutafutia hata kisichokuwepo ili usiudhike. Akimaliza yake ataanza ya mama yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mwalimu, na nasikia wewe mwenyewe hujajaliwa mtoto, kwa hiyo hili nakufundisha bure.

Nyumba yangu ina watu wawili. Baba yake tulishamzika. Siri ikitoka kwetu hakuna haja ya kupiga kura kumtafuta aliyeitoa.

Saa kumi akitoka anakuja kunisaidia dukani, na sioni ubaya wa mtoto kumsaidia mzazi wake. Hilo darasa la jioni nitalifikiria. Na tafadhali usipige simu dukani. Simu ile ni ya tajiri wangu, na masikio yake ni mapana kuliko kaunta.

Mimi,
Mama wa huyo mnayemwita Saa Kumi


Ndani ya bahasha hiyohiyo

Shikamoo Mwalimu,

Karatasi hii mama hajui kama ipo. Hiyo nyingine ameisema yeye neno kwa neno, mimi nimeandika tu. Hata hapo kwenye "hujajaliwa mtoto" nilimwambia mama, hili tuliache, akasema andika. Nisamehe.

Mwalimu, mama hasomi. Si kwamba hajui, alinifundisha yeye kusoma kabla sijaanza shule. Macho yamekwisha katikati. Pembeni anaona, ndiyo maana anatembea na watu hawajui. Anasema akimtazama mtu usoni anaona masikio tu, uso haupo. Ni mwaka wa pili sasa. Barua yako niliisoma mimi kwa sauti, tukiwa jikoni, na ile ya kulala darasani niliiruka.

Fomu ni mimi. Aliniambia niweke mkono wake kwenye Hapana, mimi nikauweka kwenye Ndiyo.

Asubuhi tajiri yupo dukani na vyeti vya dawa wanavyoandikiwa hospitali anasoma yeye. Saa nane anaenda kwenye duka lake la pili. Kuanzia hapo mpaka mimi nifike, mama yuko peke yake. Nikikimbia ni dakika kumi na mbili. Tumeweka mipira ile ya kufungia noti kwenye chupa na maboksi: mmoja ni dawa ya mtoto, miwili ya mtu mzima, mitatu usitoe mpaka nije. Anahesabu kwa vidole haraka kuliko wewe unavyosoma. Tajiri anadhani ni urembo, anasema duka letu lina mpangilio. Akijua, mama hana kazi. Na mama bila kazi sijui tutakuwa nini.

Nikikaa kwako Jumatano, nani atasoma vyeti vya jioni? Na hilo darasa, Mwalimu, usiniandikishe.

Usimwambie mtu. Naomba sana.

Saa Kumi


Ndani ya daftari la hesabu, ukurasa wa mwisho
Jumanne, tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ya kujaliwa mtoto nimecheka, usihangaike.

Siri yako nimeipokea na simwambii mtu. Lakini chumba hiki kina mpaka mmoja, nami nakuambia mapema ili usije ukasema nilikudanganya: nikiona kuna mtu anaweza kuumia, sitaweza kunyamaza. Ni afadhali mama yako alitamke yeye kabla sijalazimika kulitamka mimi.

Leo nimemwandikia tena. Nimeandika nikijua ni wewe utakayesoma. Msomee yote.

Mshauri


Chumba cha Ushauri, shuleni
Jumanne, tarehe 10 Machi

Mama mpendwa,

Fomu nimeirekebisha. Sasa inasoma Hapana.

Sitabishana na wewe juu ya malezi. Nakuuliza moja tu. Darasa la jioni linaanza baada ya wiki tatu, na binti yako asiposajiliwa mwaka wake umekwenda. Je, hakuna njia ya kupata msaidizi mwingine dukani kwa saa hizo mbili? Kama kuna jambo linalozuia, gumu kiasi gani, niambie mimi peke yangu. Nimezoea kusikia mambo magumu na kuyafungia.

Wako,
Mshauri wa wanafunzi


Nyumbani
Jumatatu, tarehe 16 Machi

Mwalimu,

Barua yako imenituliza moyo, sitakuficha. Sikutegemea. Uliposema binti yangu alikuambia kwamba mama yake ndiye mtu asiyeogopa kitu duniani, ilibidi nimwambie arudie hapo. Akarudia. Kumbe nyumbani ananinunia bure, huko nje ananisifu.

Hata hivyo sikukuonea haya kwenye mkutano wa wazazi juzi, na sikuombi radhi. Ulisikia mwenyewe. Yule fundi wa magari alitaka chumba chako kifungwe pawekwe kompyuta. Yule mama wa sare za shule alisema wanaokwenda huko ni wale walioharibika tu, na akatazama upande niliokaa, nasikia. Wengine wanataka ushauri uwepo lakini kwa watoto wa wenzao. Ndipo nikasimama nikatoa pendekezo langu: chumba kibaki, lakini mtoto akiingia, mzazi wake awe amekaa ndani. Kama linalosemwa ni jema, mzazi analiogopea nini? Walipiga makofi, nawe ukaandika kwenye daftari lako kama muungwana.

Kwa hiyo sasa ni sheria. Mwanangu akitaka kusema, atasema nikiwepo. Na mimi nafasi sina.

Msaidizi wa dukani hapatikani. Sababu ni za duka.

Mimi,
Mama yake


Ndani ya daftari la hesabu
Jumanne, tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Habari za mtu asiyeogopa kitu duniani sikuziandika mimi. Nimesoma jibu la mama yako mara tatu nikitafuta barua yangu ndani yake. Umemsomea nini?

Mshauri


Chini ya mlango wa Chumba cha Ushauri
Alhamisi, tarehe 19 Machi

Mwalimu,

Huwa naongeza kidogo. Barua zako ni nzuri lakini ni kavu, na mama akisikia kavu anakasirika. Nikiongeza tamu anakubali kusikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nataka akubali.

Lakini leo sikuandikii hilo. Jana kuna jambo limetokea.

Tajiri amesikia wakaguzi wanapita madukani. Jana asubuhi akataka duka lionekane safi, akapanga chupa upya na kuitoa mipira yote, akaitia kwenye mfuko akaitupa. Anasema inaonekana kama genge la sokoni. Mama alikuwa amekwenda benki kumpelekea makaratasi. Aliporudi tajiri akaondoka, na mama akagusa rafu akakuta hakuna hata mpira mmoja.

Ningekuwa mimi ningefunga duka. Yeye hakufunga. Anasema alijua mahali pa kila kitu kwa miaka kumi na tisa, rafu moja ingemshindaje.

Nilifika saa kumi na robo. Nikaona kwenye safu ya dawa za kuoshea vidonda kuna pengo. Nikamuuliza mama, umeuza dawa ya vidonda? Akasema hapana, leo nimeuza ya homa ya mtoto tu, kwa yule dada wa saluni. Nikaangalia za homa. Zilikuwa kumi na mbili, zimetimia. Chupa ni umbo lilelile, Mwalimu, na kofia ni ileile.

Sikumwambia kitu. Nilikimbia. Saluni iko barabara ya tatu. Nilimkuta yule dada amemkalisha mtoto kwenye kiti cha wateja, amemshika pua, na kijiko kimejaa. Mtoto alikuwa ametema cha kwanza. Nilimpiga dada yule mkono kijiko kikaruka mpaka kwenye kioo. Akanitukana, nikamnyang'anya chupa nikamwambia imekwisha muda wake, nakuletea nyingine. Mtoto yuko salama, leo asubuhi nilipita kumwona kabla ya kuja shule, anacheza.

Nilimwambia mama nilikwenda kumrudishia dada yule chenji. Akasema umefanya vizuri, mteja asidhulumiwe.

Jana usiku nilitia mipira mipya kwenye begi langu, lakini tajiri hataki kuiona. Saa nane mpaka saa kumi na robo, Mwalimu. Nikiwa darasani naitazama saa, na mwalimu akiniuliza swali nasikia sauti tu.

Nimekwambia kwa sababu sina mwingine. Usifanye kitu.

Saa Kumi


Chumba cha Ushauri, shuleni
Ijumaa, tarehe 20 Machi

Mama mpendwa,

Barua hii anakusomea binti yako. Najua. Mwanangu, soma yote, usiruke na usiongeze.

Mama, najua macho yako yamekwisha katikati. Siku ya mkutano uliponitazama ulilitazama sikio langu. Binti yako aliniambia, na nilimwahidi kunyamaza mpaka mtu awe hatarini. Juzi dukani kwako mtoto mdogo aliuziwa dawa ya kuoshea vidonda badala ya dawa ya homa. Aliipata kijikoni. Hakuimeza kwa sababu aliitema, na kwa sababu binti yako ana mbio. Siku nyingine mtoto anaweza kumeza, au binti yako anaweza kuchelewa.

Najua kwa nini umeficha. Mwenye kulea peke yake haachii kazi kama mtu anayeachia kamba ya mbuzi. Lakini angalia ulipomweka mtoto. Akikaa darasani, mteja wako anaweza kufa. Akija dukani, mtihani umempita. Akisema, amekusaliti, na akinyamaza, ana hatia. Mimi mwenye kazi yangu sijui ningesimama wapi ningekuwa yeye.

Haikuwa rahisi kwangu kuandika haya na kumpa yeye ayasome. Ningeweza kuja dukani bila yeye kujua, nikakwambia. Nimeona akikuambia kwa mdomo wake, hata kama maneno ni yangu, hataishi akijiona amekuchongea kwa siri.

Mwambie tajiri wako wewe mwenyewe. Nenda hospitali ya macho. Nitakusindikiza ukitaka. Kama mpaka Ijumaa ijayo, tarehe 27, hujafanya hivyo, nitakuja dukani kuzungumza naye. Sitafurahi, lakini nitakuja.

Wako,
Mshauri wa wanafunzi


Nyumbani
Jumatatu, tarehe 23 Machi

Mwalimu,

Leo nimetaka kukujibu vizuri kwa sababu na wewe umeandika vizuri. Nimefurahi kwamba umetambua hali ya wazazi wanaolea peke yao. Nimefurahi pia kwamba umemwombea mwanangu ruhusa ya kusoma darasa la jioni akiwa nyumbani, na mkuu wa shule amekubali. Hilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Lakini lililonigusa ni lile la njiani. Kwamba mwanangu alikuambia haoni aibu kunishika mkono tukitembea, hata wenzake wakipita. Sikuwa nimekuuliza. Sijui ulijuaje kwamba mtu anaweza kulifikiria jambo kama hilo kila siku na asilitaje. Wewe ni mtu mzima kuliko nilivyodhani. Ya kujaliwa mtoto nayafuta.

Basi yaishe. Usijisumbue kuandika tena.

Mimi,
Mama yake


Ndani ya bahasha hiyohiyo

Mwalimu, sikuisoma. Nilifungua mdomo nikashindwa. Alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, amejiandaa kusikia, nikatunga nyingine papo hapo. Usije Ijumaa. Nikupe nini usije?

Saa Kumi


Ndani ya daftari la hesabu
Jumanne, tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Huna la kunipa, na hudaiwi kitu. Nitakuja Ijumaa, saa tisa. La kuvunda halina ubani. Kama unaweza, mwambie kabla. Kama huwezi, utanikuta pale, na utasimama upande wangu au wake, wowote, sitakulaumu.

Mshauri


Dukani
Alhamisi, tarehe 26 Machi

Mwalimu,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni tajiri wangu, mwenye duka, nami nasema. Nimemwambia aandike kila neno hata likimchoma. (Naandika. Sijapata kuwa karani wa mtu tangu nizaliwe. Mwenye duka.)

Ijumaa iliyopita mwanangu alifungua bahasha yako mbele yangu. Macho yamekwenda lakini masikio hayajaenda popote. Nilisikia karatasi mbili. Alisoma muda mrefu, na wakati wote ule hakugeuza karatasi. Jumatatu nikamtajia jibu langu kama aliyeamini, naye akaandika, na mkono wake ulikuwa unakwaruza karatasi kuliko siku zote. Barua za shule huwa naziweka kwenye droo ya vyombo. Leo asubuhi nilizichukua zote.

Sasa ndipo nikakwama. Nikitaka kujua ulichoandika, lazima mtu anisomee. Atakayenisomea atajua siwezi kusoma. Mtaa mzima unaniita Daktari, Mwalimu. Nilisimama njiani na bahasha mkononi, nikamfikiria jirani, nikamfikiria muuza magazeti, nikafikiria hata kumpa mtoto yeyote apitaye. Kila niliyemfikiria niliona atakwenda kusema, na kwa tajiri habari itafika jioni. Nikasema kama ni kufika, ifike kwa mguu wangu. Nikaingia dukani nikamwekea barua kaunta, nikamwambia, nisomee, mimi sioni.

(Nilidhani ni mzaha. Ni mama mwenye mizaha. Kisha nikasoma.)

Alisoma mpaka pale pa kijiko akakaa chini. Mteja alikuja akamwambia tumefunga. Mtoto yule wa saluni namjua, nilimpimia uzito alipokuwa na wiki tatu. Nilimuuzia mama yake kile kitu nikamwambia, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nilimwambia na pole. Tangu asubuhi nasikia sauti yangu ikisema pole.

Unanikuta sina la kujitetea. Nilikuwa nasema moyoni, mwaka mmoja tu, amalize mtihani, kisha nitasema. Halafu huyo huyo wa mtihani ndiye niliyemfunga na miguu ya meza. Sheria ya mkutano niliitoa mimi ili asipate pa kusemea. Nilijua anataka kusema. Makofi yale walikuwa wananipigia kwa hilo.

Tajiri amenitoa kaunta leo leo, na ana haki. (Sikumfukuza. Nimemwambia kaunta basi. Mipira nilitupa mimi, na miaka miwili nilikuwa nasifia mpangilio. Tumekwenda saluni pamoja saa tano, tumeomba radhi, tumefukuzwa, tutarudi. Kazi nyingine hapa sina na simdanganyi.) Jumatatu ananipeleka hospitali ya macho. Sitegemei sana. Nimeuza dawa muda mrefu wa kutosha kujua kuna vitu dawa zake hazijafika.

Kwa hiyo kesho usije, kazi yako imekwisha. Tarehe mosi mwandikishe darasa la jioni. Saa kumi akikimbilia mlango, mshike, mwambie hakuna anayemsubiri dukani. Jioni zake amezipata. Zangu sijui nitazifanyia nini, nitakaa nyumbani nisikie majirani wakirudi. Juu ya hicho chumba chako sijabadilika sana, nakwambia ukweli. Bado naona watoto mnawachokonoa. Lakini mwanangu muache aingie peke yake. Nikiulizwa na wazazi nitasema nilikosea, na huo utakuwa mkutano wa kuja kuuona.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya nimchoshe mkono huyu mwenye duka.

Alipomaliza barua ya Ijumaa nilimwambia anisomee na zile za nyuma. Akasoma. Nikasubiri pale penye mtu asiyeogopa kitu duniani. Hakupafika. Nikamwambia umeruka, akaapa hajaruka. (Sikuruka.) Nikasubiri pale pa kunishika mkono njiani. Nikamwambia arudi juu, asome polepole, aangalie na nyuma ya karatasi. Nyuma ya karatasi hakuna kitu. Hukuyaandika wewe.

Mwalimu, ni yake. Tangu macho yaanze, mtoto yule nyumbani hanisemeshi zaidi ya "tayari" na "twende". Nikajua ananichukia, nikasema ana haki, ilimradi mkono anaushika. Kumbe alikuwa anaongea na mimi kwa barua zako. Maneno ambayo hajawahi kuniambia, amekaa mbele yangu, ameshika karatasi, anasema ni wewe umesema. Na mimi nilikuwa nakushukuru wewe.

Sijamwambia kwamba najua. Akirudi leo nitakaa naye, na akishajua hatanisomea kitu tena kwa namna ile. Nilitaka kukuomba kitu cha aibu. Nilitaka uandike barua moja ya mwisho, fupi, hata karatasi tupu, umpe aje anisomee jikoni, nisikie mara hii utakuwa umesema nini. Nimelisema hili na kalamu ya mwenye duka imesimama.

Basi usiandike. Nikitaka kujua kama ananionea aibu njiani nitamuuliza mwenyewe, na itabidi anijibu bila karatasi mkononi.

Mimi,
Mama yake